Kigezo cha lugha katika tuzo za Oscar
Swali: Ndugu zangu, mwaka 2019 filamu ya Nigeria, Lionheart, iliondolewa kwenye kundi la filamu ya kimataifa kwa kuwa takriban dakika 11 tu za mazungumzo yake hazikuwa za Kiingereza, ambacho ndicho lugha rasmi ya nchi hiyo. Je, ni haki?

Jibu la kwanza: Kanuni ilikuwa wazi: sehemu kubwa ya mazungumzo ilipaswa kuwa katika lugha isiyo Kiingereza. Mwaka huohuo lilibadilishwa jina la kundi tu, kutoka filamu ya lugha ya kigeni kuwa filamu ya kimataifa, nalo ndilo lililowachanganya watu.

Jibu la pili: Kwangu mimi, lugha haikuwa kikwazo kikubwa kama kanuni ya wakati huo ya kila nchi kupeleka filamu moja tu, iliyoteuliwa na kamati ya nyumbani, kwani filamu iliyowaudhi wakubwa iliweza kufia mlangoni kabla wapiga kura hawajaiona.