Leo nimesukumiwa wino niweke dole gumba, na aliyenisukumia ni mtoto niliyemfundisha herufi

Chaki Nyeupe (Jumatatu, 14 Oktoba 2024)

Wakuu, salaam. Nimeketi barazani kwangu na dole gumba langu likiwa la buluu. Nimeliosha kwa sabuni ya mche mara nne na kwa majivu mara moja, na halitakati. Ninaandika kwa kidole cha shahada, kwa sababu hilo dole kwa sasa ni kielelezo cha kesi.

Sitamtaja jina, mnamjua. Ni yule kijana wa mtaani kwetu ambaye hata kwenye harusi hukimbilia kushika daftari la michango, mwenye kalamu tatu mfukoni na zote hazitoi wino, na ambaye tangu apewe meza na kiti cha plastiki aandikishe wapiga kura wa mtaa anatembea kama mtu aliyekabidhiwa mhuri wa Jamhuri.

Nilifika kituoni saa tatu asubuhi. Kituo chenyewe ni meza moja chini ya turubai, na upepo wa Dodoma wa mwezi wa kumi mnaufahamu, kwa hiyo orodha ilikuwa imewekewa jiwe juu, na kila karatasi inapofunuliwa jiwe huondolewa, hushikwa na mtu wa foleni, kisha hurudishwa. Nilikuwa nimenyoa ndevu na kuvaa shati la mikono mirefu, kwa sababu leo ni siku ya kumkumbuka Baba wa Taifa, miaka 25 tangu atutoke, nami nilitaka jina langu liingie katika orodha siku hii hii. Zamu yangu ikafika. Akaniuliza jina, nikataja. Akaniuliza umri, nikasema miaka 67. Akanitazama usoni, akaitazama mikono yangu, kisha akakisukuma kile kisahani cha wino mbele yangu na kusema kwa sauti ya mnadani: "Mzee, kusaini kusikusumbue, weka tu dole."

Weka tu dole.

Mimi niliyesomea ualimu Mpwapwa. Mimi niliyefundisha kisomo cha watu wazima jioni kwa taa ya kandili, na miongoni mwa wanafunzi wangu alikuwamo bibi yake mzaa mama, ambaye hadi anaingia kaburini alikuwa akisaini jina lake lote na kulipigia mstari chini. Mimi ambaye mwaka 2002 niliushika mkono wa huyu huyu mwandikishaji, darasa la kwanza, nikamwonyesha kwamba herufi "e" haiandikwi imelala chali kama mende aliyepuliziwa dawa. Leo, siku ya Mwalimu, mwalimu anasukumiwa wino!

Kimya kilichofuata kilisikika hadi Singida. Kuku waliacha kuchakura. Mama wa vitumbua aliyekuwa mbele yangu alikuwa amesaini. Kijana wa bodaboda, ambaye hakuvua hata helmeti, alikuwa amesaini, na sahihi yake ni duara lenye mkia. Mimi nikaambiwa niweke dole.

Sheria ninazijua. Uandikishaji ni siku kumi, kuanzia tarehe 11 hadi 20 Oktoba, na anayetakiwa ni raia mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ambaye ni mkazi wa mtaa husika. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mwenye mvi hukadiriwa kisomo kwa macho. Rais Samia alijiandikisha kule Chamwino Ijumaa, siku ya kwanza kabisa, na sidhani kama kuna mtu aliyethubutu kumsogezea kisahani kabla ya kalamu. Angeniuliza tu, "Mwalimu, utasaini?" Ni maneno mawili. Lakini hakuuliza, alikisukuma kile kisahani, kikateleza mezani kikaja kusimama kwenye tumbo langu.

Na kwa hasira nikaliweka. Ndilo linaloniuma kuliko yote. Nikaliweka!

Kijiko cha Mlenda

Shikamoo Mwalimu, na pole sana. Nina swali moja tu la kitaaluma. Ikiwa wewe ndiye uliyemfundisha, na leo anashindwa kumtambua mtu anayejua kusoma, malalamiko haya tuyapeleke kwa nani?

Jirani wa Jirani

Nimesoma uzi wote nikidhani mwishoni kuna mtu aliyenyimwa haki ya kupiga kura, kumbe Mwalimu ameandikishwa vizuri, jina liko kwenye orodha, na kinachodaiwa ni sabuni. Wekeni picha ya dole tulitathmini.

Bajaji Nyekundu

Ninamjua huyo, na Mwalimu mshukuru Mungu. Shemeji yangu alipoulizwa umri alitaja mwaka wa kuzaliwa, naye akauandika vile vile katika safu ya umri. Kwa hiyo hivi sasa shemeji ana miaka 1987, yaani alizaliwa enzi za mitume na bado anasubiri kumchagua mwenyekiti wa mtaa. Tumemwambia asubiri orodha ibandikwe kwenye ubao wa matangazo baada ya uandikishaji kufungwa, akaombe marekebisho, naye anasema hana haraka, kwa umri huo amejifunza subira.

Binti wa Uwele

Mimi nina kadi ya mpiga kura ya mwaka 2020, iko kwenye sanduku pamoja na cheti cha ndoa. Kwa nini niende tena kupigwa jua kwenye foleni? Mwalimu, badala ya kulia na dole ungetueleza hilo.

Chaki Nyeupe

Binti, nakueleza, ingawa nimevunjika moyo. Kadi hiyo ni ya Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, linalosimamiwa na Tume ya Uchaguzi, na kazi yake ni uchaguzi wa Rais, wabunge na madiwani. Uchaguzi wa tarehe 27 Novemba ni wa serikali za mitaa, unasimamiwa na TAMISEMI, yaani ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, na una orodha yake ya kila mtaa au kila kitongoji, inayoandikwa upya. Usipokuwamo katika orodha hiyo hutapiga kura, hata kama kadi yako umeiwekea fremu ya dhahabu. Ukienda, jiandae: unataja jina, unataja umri, halafu unasaini, isipokuwa kama umezeeka, maana hapo utasukumiwa kisahani.

Binti wa Uwele

Asante Mwalimu. Nina miaka 44. Kisahani kinaanzia umri gani?

Chini ya Mbuyu

Ninyi wa mjini mnadekezwa na turubai. Sisi huku kijijini, upande wa Bahi, kituo ni kivuli cha mti, na kivuli kinahama, kwa hiyo mwandikishaji naye anahama, na foleni nzima inalizunguka shina kama saa ya ukutani. Anayefika saa nane mchana hukuta foleni iko upande wa siafu. Na sisi tuna wa kuchagua wengi kuliko ninyi, mwenyekiti wa kijiji, wajumbe wa halmashauri ya kijiji na mwenyekiti wa kitongoji, lakini hakuna aliyefungua uzi.

Mpangaji Mvumilivu

Mwalimu, wewe angalau uliombwa dole. Mimi nilipofika mezani hapo hapo kwako, na kwa kijana huyo huyo, niliulizwa, "Wewe ni mpangaji? Basi nenda kaje na mwenye nyumba akutambulishe." Nilihamia Dodoma serikali ilipohamia, nimeishi mtaa huu mwaka wa saba sasa, ninalipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na siku ya mchango wa ulinzi shirikishi wananifuata hadi bafuni. Siku ya mchango ninajulikana kwa jina la ukoo, siku ya orodha nimekuwa mgeni kutoka Dar es Salaam. Kinachotakiwa ni mkazi. Hakuna aliyesema mwenye kiwanja.

Nyuma Yako Foleni

Nilitaka kunyamaza kwa heshima, lakini haki itendeke. Mimi ndiye niliyeshika jiwe. Mwalimu amesahau kutueleza kwamba alikuja bila miwani, na kwamba alipewa kalamu kwanza. Aliichukua, akasaini kwa mwandiko mzuri mno, wenye mikia na mapambo, katika mstari wa mama wa vitumbua, juu ya sahihi ya mama wa vitumbua. Ndipo kijana akasogeza wino.

Jirani wa Jirani

Ninafuta kauli yangu ya awali. Uzi huu una thamani kubwa sana.

Chaki Nyeupe

Mistari ile imechorwa karibu karibu mno, jambo ambalo ningeliandikia barua hata kama singedhalilishwa. Pia upepo uliifunua karatasi kwa sababu aliyeshika jiwe alikuwa akicheka. Lakini hayo si hoja. Hoja ni namna alivyokisukuma. Narudia, kiliteleza mezani, kikaja hadi tumboni, na shati ni jeupe.

Kijiko cha Mlenda

Kwa hiyo mama wa vitumbua ana sahihi mbili. Tarehe 27 atapiga ngapi?

Bajaji Nyekundu

Atapiga moja, nyingine atampa shemeji, maana kwa miaka 1987 kura moja haitoshi.

Mwenye Nyumba

Huyu Mpangaji Mvumilivu ninahisi ninamfahamu kwa lile neno "mkupuo". Bwana mdogo, mkupuo wa mwisho ulikuwa wa miezi minne, na mgawo wako wa bili ya maji ya Septemba bado. Hata hivyo kukutambulisha hakunishindi.

Mpangaji Mvumilivu

Shikamoo mzee. Sikujua kama nawe umo humu. Hiyo miezi miwili iliyobaki tulikubaliana nipake rangi ukuta wa nje, na nilipaka.

Mwenye Nyumba

Marahaba. Ulipaka upande unaoonekana barabarani tu.

Chini ya Mbuyu

Ukuta wa nje una pande ngapi kwa kawaida?

Chaki Nyeupe

Ningependa turejee kwenye kisahani.

Mwenye Nyumba

Pande nne. Bwana mdogo, kesho kituo kinafunguliwa saa mbili asubuhi, nami saa tatu ninatakiwa shambani kwenye zabibu. Nipitie saa moja na nusu, uje na hela ya maji.

Mpangaji Mvumilivu

Nitakuja mzee. Nije na miwani yako, ile uliyoisahau kwangu siku ya kusoma mita?