Mjadala: Bunduki ya marisau inayojikoki yenyewe kwa ulinzi wa nyumba, ni busara au ni mbwembwe?

Mtoa Mada: Leseni ninayo, na nimekwisha kuamua kwamba silaha ya kulinda nyumba yangu itakuwa bunduki ya marisau ya geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu; namba ikipanda, mtutu huwa mwembamba). Kinachonitatiza ni aina. Je, nichukue inayojikoki yenyewe, yaani inayojipakia risasi inayofuata kila unapopiga, kama Beretta 1301 au Benelli M4, au nitosheke na ya kukoki kwa mkono, kama Mossberg 590 au Remington 870? Zile mbili za kwanza ni ghali kupita kiasi, kwa hiyo ningependa kujua kama ubora wake unaonekana usiku wa hatari au unaishia kwenye picha za matangazo.

Mkongwe wa Doria: Ya kukoki kwa mkono, na mjadala ufungwe. Haichagui risasi, iwe kali au dhaifu, kwa sababu anayeiendesha ni mkono wako, na mwizi akiisikia ile sauti ya kukoki gizani atakuwa ameruka ukuta kabla hujamwuliza jina. Hiyo Benelli M4 unayoitaja inategemea teke lenyewe, yaani bunduki kurudi nyuma inapopigwa, ili ijikoki, na risasi ikiwa dhaifu inakwama. Ila kama mkeo ndiye atakayebaki nyumbani, mtafutie geji 20 iliyo nyepesi, maana geji 12 itamng'oa bega.

Fundi Mitutu: Ndugu Mkongwe, umechanganya mbili. Inayotegemea teke ni Benelli M2. M4, ambayo wanamaji wa Marekani waliichagua mwaka 1999 na kuipa jina la M1014, hutumia gesi ya baruti inayosukuma pistoni mbili fupi chini ya mtutu. Kwa mfumo wa teke, bunduki lazima irudi nyuma vya kutosha ili springi iliyo ndani ya bolti (chuma kinachofunga nyuma ya risasi) ibanwe, kwa hiyo ukiifunga tochi nzito na mikanda ya risasi, kisha ukaipakia risasi dhaifu, usishangae ikigoma. Ya gesi huvumilia mizigo hiyo, lakini hukusanya masizi na hudai kusafishwa. Kuhusu sauti, anayeisikia ameshajua umesimama wapi, na pia kwamba chemba yako, pale risasi inapokaa tayari kupigwa, ilikuwa tupu.

Mama wa Zamu: Nilikuwa nasoma kimya mpaka nikafika kwenye bega langu. Mzee Mkongwe, kwa heshima zote, hilo la geji 20 nyepesi ni ushauri wa mtu ambaye hajawahi kumkabidhi bunduki hiyo huyo anayemhurumia. Bunduki ikiwa nyepesi, teke lake huongezeka, na ndiyo maana geji 20 ya kilo mbili na nusu inaweza kukuumiza karibu sawa na geji 12 nzito. Kinachotuangusha sisi wenye mikono mifupi ni kitako kirefu: kinakulazimisha uegemee nyuma, shavu halikai mahali pake, na teke linakukuta umesimama vibaya. Kata kitako, au weka kinachorekebishika, tumia risasi za teke dogo kwenye bunduki ya gesi, kisha uje tuzungumze habari za kung'oka mabega. Na nikiwa nimembeba mtoto kwa mkono mmoja, hiyo yako ya kukoki nitaikoki kwa meno?

Mkongwe wa Doria: Sikumtukana mtu, mama. Nimefundisha watu wengi kushika silaha, na niliyoyaona nimeyaona.

Kalamu Nyekundu: Kuona si kupima. Nakuuliza swali jepesi, Mkongwe: katika hao uliowafundisha, ni wangapi walioshtuka wakavuta nusu, ganda likabaki ndani na risasi iliyofuata ikakwama? Hilo ndilo kosa kubwa la bunduki za kukoki kwa mkono, nawe hukuligusa hata kidogo.

Mkongwe wa Doria: Mtu aliyefanya mazoezi havuti nusu. Asiyefanya mazoezi asimiliki silaha ya aina yoyote, hata hiyo yenu ya kujikoki. Naona kalamu inasahihisha vitabu ambavyo haijavisoma.

Mtoa Mada: Niliuliza bunduki, nimepewa kesi ya ndoa na ya ualimu. Naomba tuendelee: nikichukua ya gesi, je, naweza kuilaza ikiwa na risasi ndani ya chemba ili iwe tayari?

Fundi Mitutu: Hapana. Kitufe cha usalama cha bunduki nyingi za marisau hufunga kifyatulio tu, hakizuii nyundo wala pini, kwa hiyo ikianguka vibaya inaweza kulia. Jaza magazini, acha chemba tupu, na iwe ndani ya kabati la chuma linalofunguka haraka. Utaikoki mara moja tu, ukiwa umeishika.

Mkongwe wa Doria: Kumbe! Basi ile sauti mliyoicheka mmeirudisha wenyewe kwa mlango wa nyuma.

Mama wa Zamu: Tofauti ni kwamba mimi naikoki ili ifanye kazi, wewe unaikoki ili itishe. Tena kabati si la hiari kwenye nyumba yenye watoto, na naona hakuna aliyewataja mpaka nilipowataja mimi.

Kalamu Nyekundu: Na hakuna aliyetaja kuta. Wapo wanaoshauri marisau madogo ya ndege eti yasipenye chumba cha pili, ilhali hayo hayafiki kina cha sentimeta 30 hadi 45 ambacho FBI, shirika la upelelezi la Marekani, hukitumia kupima risasi kwenye jeli inayoigiza nyama ya mwili. Marisau makubwa ya 00, ambayo kila moja lina unene wa milimita 8 na kitu, yanafika, lakini pia yanapita ukuta wa ubao wa jasi kama haupo. Kwa hiyo kabla ya kugombana kuhusu Beretta na Mossberg, mtu achore nyumba yake na aone ni nani analala nyuma ya ukuta gani.

Fundi Mitutu: Hapo nakubaliana nawe, ingawa kuna la kuongeza. Katika umbali wa chumbani marisau hayatawanyiki kama watu wanavyodhani, yanakwenda kama ngumi, na risasi za kampuni ya Federal zenye FliteControl, kikombe kinachobeba marisau ndani ya ganda, huyashikilia zaidi. Maana yake ni kwamba lazima ulenge, na ukikosa, fungu lote linakwenda ukutani. Mtoa Mada, chukua ya gesi, ifunge tochi utakayoitumia kweli, kisha ipige kwa risasi zilezile utakazoziweka kabatini. Ikikwama hata mara moja, badilisha risasi kwanza kabla hujailaumu bunduki.

Mkongwe wa Doria: Yangu haijawahi kunidai yote hayo.