Ushauri: Kukaza pini za mkokoteni (kufanya ngozi ya chuma iwe ngumu) kwa kwato na mifupa

Pini20: Wakuu, habari za kazi. Pini ni za chuma laini, kipenyo mm 20, urefu mm 100. Zimefukiwa ndani ya kopo la maziwa pamoja na kwato mbichi na mifupa, zikakaa motoni saa moja, kisha zikatoswa kwenye maji. Tupa bado inazikwaruza, yaani hazijawa ngumu, na kopo limetoboka. Kosa liko wapi?

Mfuavyuma: Mkuu, anza na kopo. Likitoboka hewa inaingia, makaa yanajiungulia badala ya kulisha chuma kaboni inayokifanya kigumu. Kata bomba la inchi 3, unene mm 3 au zaidi, lisiwe la mabati (lililopakwa zinki). Moshi wa zinki ni sumu. Hilo linabeba pini moja tu, katikati, maana inataka sentimita 2.5 za makaa kila upande.

Kwato na mifupa vichome kwanza kwenye chombo kilichofunikwa, chenye tundu dogo, mpaka moshi ukome. Mfupa ukitoka mweupe ni majivu, mwaga. Ponda ufikie punje ya mahindi, usisage unga. Na chukua machinjioni palipokaguliwa, kimeta hakina utani.

Tanuri Moto: Mfupa mweusi wenyewe una kaboni kama asilimia 10 tu. Changanya nusu kwa nusu na makaa ya mti mgumu, halafu kila kilo 1 weka gramu 100 za magadi yaliyokaangwa mpaka yaache kutoa mvuke. Ziba kwa udongo wa mfinyanzi na mchanga, ukauke *kabisa* kabla ya moto, la sivyo unapasuka.

Saa moja ndiyo iliyokuangusha: ni muda wa joto kufika katikati tu. Sumaku ikiacha kushika ni kama 770°C, bado. Endelea mpaka wekundu uelekee rangi ya chungwa, 900°C hivi, ndipo uhesabu saa 4. Tangu mwanzo pitisha waya wa chuma laini kwenye kifuniko, uwe sampuli. Uchomoe, utose majini, uvunje. Ukingo wenye chembe laini za kijivu ndio unene ulioingiwa na kaboni.

Pini20: Asanteni. Naweza kuitosa ikitoka tu? Na mafuta machafu ya injini badala ya maji?

Mfuavyuma: Iache ipoe ndani ya bomba. Saa nyingi za moto zimekuza chembe za chuma, ukitosa hapo itameguka. Ipashe upya, ipite kidogo tu pale sumaku inapoachia, itose kwenye maji ikiwa wima. Ikiingia kwa ubavu inapinda. Mafuta ni polepole mno kwa chuma hiki. Kisha ipashe kwa 180°C saa moja. Ukiijaribu, tupa iteleze.

Usisage tena baada ya hapo, ngozi ngumu haifiki mm 1.

Tanuri Moto: Na tundu la kipini cha kuzuia lijaze udongo kabla ya kufukia. Ukingo wake ukiwa mgumu, ufa unaanzia hapo.