Vipindi 8, majina 23: niwaite wachekeshaji gani?

Kijana wa Buru
Wadau, habari za jioni. Naomba ushauri kabla hatujagombana hapa. Mimi na mwenzangu tunaanzisha mahojiano na wachekeshaji, video za dakika 40 hivi. Tumekodi chumba Buruburu, Nairobi, kamera ni za kuazima, pesa zinatosha vipindi 8 na hakuna cha ziada. Kwenye daftari tuna majina 23.

Mwenzangu anashikilia tuanze na wakubwa: Churchill, Njugush, Eric Omondi, Mammito. Anasema jina ndilo huvuta watu. Simpingi sana, ila nimeshinda wiki nzima nikitazama mahojiano ya watu maarufu na kuna hadithi nimezisikia mara tano, kwa maneno yaleyale. Mimi nawapenda zaidi wale wa usiku wa jukwaa wazi, unajiandikisha mlangoni unapewa dakika tano. Shida ni kwamba hawajulikani.

Halafu tumeshaungua mara moja. Mgeni wa kipindi cha majaribio, simtaji, alichelewa kwa muda wa saa tatu, akaja na watu wanne, swali lake la kwanza likawa bahasha iko wapi.

Fundi Maiki
Hilo la bahasha ni kosa lenu. Nauli na chakula hukubaliwa kwenye simu, siyo mlangoni.

Sasa kuhusu kuchagua. Nimewavalisha maiki wachekeshaji wengi, na nakwambia anayevunja watu mbavu jukwaani anaweza kukaa kitini akawa kimya kama mtungi. Kwa hiyo mpigie kwanza, dakika 10 tu. Usimuulize alianzaje, hilo jibu analo tayari mfukoni. Muulize kuhusu mzaha uliokufa mbele ya watu. Ulikuwa unasemaje? Ukumbi ulikuwa wapi? Kesho yake alibadilisha neno gani? Akianza kukuonyesha pale alipopaswa kunyamaza kidogo kabla ya neno la mwisho, huyo mwite hata kama ana wafuasi mia mbili. Akikwambia yeye hupokelewa vizuri kila mahali, mshukuru ukate simu.

Mama Wawili
Majina manne, mwanamke mmoja. Hao wengine 19 wakoje? Na tafadhali, mkimwita Mammito msimuulize ataolewa lini. Muulizeni anavyoandika.

Mzee wa Jericho
Vijana, mmesahau KBC, televisheni ya taifa, kabisa. Sisi tulikulia kwenye vichekesho vyake, Vitimbi na Vioja Mahakamani. Mzee Ojwang', yaani Benson Wanjau, alituacha 2015. Mimi ningelipa kumsikia akieleza vile yeye na Mama Kayai, mkewe wa kwenye mchezo, walivyojua wakati wa kupandisha ugomvi na wakati wa kuushusha. Nafasi hiyo imeenda. Anzeni na wazee waliobaki, wengine wala hawatawaomba bahasha kubwa.

Na wale wa kundi la vichekesho la Redykyulass! Kumwigiza Moi kwenye televisheni Moi akiwa bado Ikulu, hiyo haikuwa mzaha wa kawaida. Nyambane, Tony Njuguna, KJ. Yeyote kati yao anawatosha.

Wa Umoja 2
Mzee, KJ ni mbunge wa Dagoretti Kusini tangu 2017. Ukimwita mheshimiwa utapewa barabara na basari dakika zote 40 😂 Mchekeshaji Jalang'o naye aliingia Bunge 2022 kupitia Lang'ata. Tutabaki na nani?

Mzee wa Jericho
Basi aulizwe ya wakati ule tu. Akigusa barabara, zima kamera.

Dada Mchambuzi
Mimi nina neno moja. Kwa miaka mingi kicheko chetu kimeegemea lafudhi: Mkisii anaongea hivi, Mluhya anakula vile. Chagueni mtu aliyewahi kuishi kwa hiyo akaiacha, na mwingine anayeitetea mpaka leo. Wasikae pamoja. Waulizeni maswali yaleyale, kila mtu kipindi chake. Halafu muongezeni anayechekesha kwa lugha ya mama pekee, kama Machang'i kwa Kikuyu, maana huyo hawezi kuazima lafudhi ya jirani.

Kijana wa Buru
Asanteni. Nimempigia mzee mmoja aliyeigiza enzi za KBC, nikamuuliza swali la Fundi. Simu imechukua dakika 47, kredi yangu imeisha, na bado alikuwa hajafika mahali ambapo mzaha ulikufa. Amekubali kuja, lakini asubuhi tu.

Mwenzangu bado anataka jina kubwa kwa kipindi cha kwanza. Tumekubaliana majina makubwa ni mawili kati ya nane. Mama Wawili, wanawake sasa ni watatu, na mmoja nilimwona jukwaani Jumanne akifeli vibaya sana. Nataka kujua alirudi nyumbani akafanya nini.

Fundi Maiki
Huyo wa Jumanne mrekodi kwanza, kabla hajasahau.