Naomba ushauri: ninafuatilia maisha ya Richard Sears, wakala wa stesheni aliyegeuka tajiri, na nimekwama kwenye mzigo wa saa

Wakala wa Njiapanda
Wakuu, habari za jioni. Ninaandaa habari za maisha ya Richard Warren Sears, mwanzilishi wa Sears, Roebuck, kampuni ya Marekani iliyouza bidhaa kwa katalogi na posta, kwa ajili ya kikundi chetu cha kuweka na kukopa, ambacho kila mwezi mwanachama mmoja husimulia habari za mfanyabiashara aliyeanzia chini. Nimemfuata tangu alipozaliwa Stewartville, katika jimbo la Minnesota, mwaka 1863, mtoto wa mhunzi aliyepoteza mali yake, hadi alipojifunza telegrafu na kukabidhiwa stesheni ndogo ya North Redwood. Hapo nimekwama. Mwaka 1886 ulishuka mzigo wa saa za mfukoni, sonara wa mji akaukataa, Sears akauuza, na kabla mwaka haujaisha alikuwa na kampuni ya saa Minneapolis. Mwaka 1887 tayari yuko Chicago. Swali langu ni moja tu: mzigo ule uliokataliwa ulikuwa mali ya nani? Siku ya tatu hii sipati usingizi, na mkutano ni Jumamosi.

Mtoto wa Minnesota
Ndugu yangu, ninaishi Minneapolis, na jengo kubwa la zamani la Sears katika barabara ya Lake Street ndimo ninamonunua sambusa, kwa kuwa siku hizi lina soko ndani yake. Anza na sensa. Ya mwaka 1880 ilifanyika akiwa kijana wa miaka 16. Ya mwaka 1890, ambayo ingetuonyesha alikuwa wapi baada ya kuuza kampuni yake ya kwanza na kwenda Iowa akitaka kuwa mwenye benki, usihangaike nayo, kwa sababu karibu yote iliharibiwa na moto wa Washington wa mwaka 1921. Pengo hilo lizibe kwa vitabu vya anwani vya Minneapolis na Chicago, pamoja na magazeti ya zamani ambayo Maktaba ya Bunge la Marekani imeyaweka kwenye intaneti bila malipo. Gazeti la mji mdogo wa zama zile liliandika hata nani kapanda treni kwenda kumjulia hali shangazi yake.

Bi Hesabu
Mnaruka jambo kubwa. Kwa nini ziwe saa, zisiwe viatu? Tarehe 18 Novemba 1883 makampuni ya reli ya Marekani na Kanada yaliachana na utaratibu wa kila mji kuhesabu adhuhuri yake kwa jua, yakaigawa nchi katika kanda za saa. Tangu siku hiyo mkulima aliyetaka kuwahi treni alihitaji saa inayokubaliana na ile ya stesheni, na aliyekaa chini ya saa ya stesheni ni nani kama si wakala? Sears aliuza kitu ambacho reli iliyomwajiri ilikuwa imekifanya kihitajike. Sisi tunaosema saa moja asubuhi huku simu imeandika 7 tunaielewa vizuri adha hiyo.

Mzee wa Tokeni
Nilikuwa stesheni masta kwa miaka 22, hivyo mniruhusu. Mzigo usiodaiwa tuliuandika kwa wino mwekundu katika daftari lake, na ubavuni mwa kila kifurushi tukaandika kwa chaki tarehe ya kufika. Safari moja yaliletwa makasha ya vifaranga ambayo mwenyewe hakutokea. Marehemu mke wangu aliwanywesha maji kwa vifuniko vya chupa siku mbili, na hakuna hata mmoja tuliyemhamishia bandani kwetu, ijapokuwa majirani walituona wajinga. Mpokeaji akiukataa mzigo, unabaki kuwa wa aliyeutuma mpaka aseme vinginevyo. Sasa na mimi nikuulize, mwanangu: mtu aliyekufa mwaka 1914 anakukoseshaje usingizi?

Wakala wa Njiapanda
Shikamoo mzee wangu. Ni udadisi tu. Ninataka habari yangu isiwe na tundu.

Mzee wa Tokeni
Marahaba. Jina unalojiita hapa ni Wakala. Je, una mzigo?

Wakala wa Njiapanda
Ninao. Mimi ni wakala wa vifurushi vya mabasi katika mji mdogo ambao sitautaja. Wiki tano zilizopita zilishushwa katoni 2 za taa za sola, jumla taa 48, zimefungwa kwa kamba ya manila ya bluu, na jina la mwenye duka limeandikwa juu kwa kalamu ya maka. Mwenye duka alikuja, akainama, akasoma jina lake, akasema hakuagiza kitu, akaondoka. Tangu hapo katoni hizo zinanizibia mlango wa kibanda ninachokilipia kodi kila mwezi. Nimekwisha kuuza taa 11. Fedha ipo kwenye simu, sijaigusa. Namba ya mtumaji ninayo ila sijampigia, kwa maana kama angeujali mzigo wake angenitafuta yeye. Naomba msinihukumu haraka. Sears naye alianza hivihivi, na leo anafundishwa vyuoni.

Mwanasheria wa Barazani
Hakuanza hivyo, na hapo ndipo habari yako ilipotoboka. Kama inavyosimuliwa siku zote, Sears alikubaliana kwanza na muuzaji wa jumla kwamba atampelekea dola 12 kwa kila saa, na kinachozidi ni chake. Kisha akawaandikia mawakala wenzake wa stesheni nyingine za njia ileile akiwapa kila saa kwa dola 14, nao wakauza kwa bei waliyoiweza huku wakibaki chini ya bei ya sonara. Zama zile wauzaji wa jumla walikuwa na mtindo wa kumtumia mwenye duka bidhaa ambazo hakuziagiza, na akizikataa, waliona nafuu kumpunguzia bei mtu aliye palepale kuliko kulipia safari ya kuzirudisha. Mawakala wa stesheni walikuwa wamewekewa dhamana kazini, yaani wakipoteza fedha kulikuwa na wa kuifidia, ndiyo maana Sears aliweza kuwapelekea saa kabla ya kupokea fedha. Hivyo saa zilikuwa za muuzaji wa jumla hadi walipopatana. Barua ilitangulia mauzo. Wewe hata simu hujapiga.

Kicheko cha Mchana
Mkuu, Sears aliachiwa historia kwa katalogi, wewe utaachiwa kwa RB namba ya polisi.

Wakala wa Njiapanda
Cheka tu. Lakini mbona huyo Sears alikuwa akiwauzia wenyeji mbao na makaa ya mawe pembeni huku akiwa mwajiriwa wa reli, na hakuna aliyemwita mwizi? Zilizobaki 37 nimekwisha kumwahidi mwalimu mmoja, na sitaki kuonekana kigeugeu.

Mama Ushirika
Wanangu, hakuna anayemkumbuka Alvah Roebuck. Fundi saa huyo aliajiriwa na Sears mwaka 1887, jina lake likaingia katika jina la kampuni mwaka 1893, na mwaka 1895 akauza sehemu yake kwa dola 25,000 kwa sababu kasi na madeni vilimshinda. Katika miaka ya 1930 alirudi kuajiriwa katika kampuni iliyobeba jina lake. Mimi na mume wangu tulitoka katika duka tulilolianzisha na ndugu yake. Hadi leo bango lina jina letu, na sukari tunainunua hapo kwa bei ya watu wote. Kijana, kabla ya kuiga tajiri, tazama aliyesimama pembeni yake.

Shuku Kwanza
Naomba kuharibu kikao. Uzi huu ni wa kutungwa. Mji mdogo, mzigo usioagizwa, mpokeaji anayekataa, wakala mwerevu: huyu ni Sears yuleyule aliyevishwa kanzu. Weka picha ya katoni au tufunge mada.

Mtoto wa Minnesota
Ukishuku hilo, mshuku na Sears. Kisa cha saa kinamhusu mtu ambaye kipaji chake kikubwa kilikuwa matangazo. Maneno ya katalogi aliyaandika mwenyewe, na mara nyingi sifa zilikuwa kubwa kuliko bidhaa. Hata kuondoka kwake mwaka 1908 kulitokana na hilo: biashara ilipodorora yeye alitaka matangazo yaongezwe, mshirika wake Julius Rosenwald akataka gharama zipunguzwe. Ndiyo sababu nilisema sensa kwanza.

Bi Hesabu
Kisa kitiwe chumvi kisitiwe, treni zilikuwepo na saa zilinunuliwa.

Wakala wa Njiapanda
Picha hiyo hapo, na kamba ya bluu inaonekana. Katoni ya juu iko wazi, kama mnavyoona.

Mzee wa Tokeni
Nimeiona. Namba ya mtumaji imeandikwa ubavuni, chini ya jina. Mpigie sasa hivi, kisha urudi hapa.

Wakala wa Njiapanda
Nimempigia. Ni mwanamke, ana sauti ya upole. Nilipotaja katoni alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza jambo moja tu: zimebaki ngapi? Nimemwambia mtandao unakatakata, nitampigia tena.