Lycoming O-320: silinda namba 3 inasoma 52/80, hewa inatokea ekzosi. Niing'oe?

Mkaguzi_172

Wakuu, naomba ushauri. Ndege ni Cessna 172P, injini Lycoming O-320-D2J, saa 1,340 tangu ovahoo (matengenezo makubwa ya injini). Kwenye ukaguzi wa saa 100 kompresheni (uwezo wa silinda kushika hewa) imepimwa injini ikiwa ya moto, hewa ya kuingiza 80 psi (paundi kwa inchi mraba). Majibu haya hapa:

Na. 1: 76
Na. 2: 74
Na. 3: 52
Na. 4: 75

Kwenye namba 3 hewa inasikika wazi kwenye bomba la ekzosi, yaani inavuja kwenye valvu ya ekzosi. Ukiweka sikio kwenye mdomo wa kujazia oili, kimya. Kwenye kabureta, kimya. Oili inapungua lita moja kwa saa 9 hivi, na filta ilipokatwa karatasi yake ilikuwa safi. Jambo jingine: asubuhi, injini ikiwashwa ya baridi, hutikisika kwa sekunde 20 hivi kisha inatulia.

Je, silinda itoke sasa? Na ikitoka, nibadilishe zote nne kwa pamoja?

Kipimo80

Mkuu, usiguse nati yoyote kwanza. Hiyo 52 inakuambia hewa kiasi gani inapotea, haikuambii kwa nini. Chembe moja ya kaboni ikikwama kati ya valvu na siti yake (kiti inapofungia) inatosha kukushusha kutoka 75 hadi 50, na ikiondoka namba inarudi yenyewe. Rusha ndege au iendeshe mpaka ipate moto kamili, kisha pima tena haraka kabla haijapoa.

Kuhusu mipaka: Lycoming wanataka silinda zote ziwe karibu sawa na juu ya 70. Tofauti ya 10 hadi 15 kati ya silinda ni ishara ya kuchunguza. Chini ya 60 ndipo unafikiria kutoa silinda. Kwa hiyo wewe umeshavuka mstari, lakini thibitisha kwanza.

Hakikisha pia upimaji wenyewe ni sahihi. Kifaa kiwe na tundu la inchi 0.040 ndani yake, ndilo la injini za ukubwa huu. Ingiza hewa kidogo kwanza, kama psi 20, kisha sogeza propela kuelekea upande inakozunguka kwa kawaida mpaka pistoni ifike juu kabisa, valvu zote mbili zikiwa zimefunga. Kusogeza upande huo kunazikalisha ringi vizuri kwenye mifereji yake. Ukipitiliza, rudi nyuma vya kutosha na uanze upya. Usirudishe kidogo kidogo ukitafuta namba nzuri.

Na propela ishikwe na mtu anayejua anachofanya. Pistoni ya injini hii ina kipenyo cha inchi 5.125. Ukiweka psi 80 juu yake unapata nguvu ya zaidi ya paundi 1,600. Ikipita juu kidogo tu, propela inazunguka na mkono wa mtu uko hapo. Magneto zizimwe, na waya wake wa kuzimia uhakikishwe haujakatika.

Jicho_la_Silinda

Naunga mkono kupima tena, ila nyongeza yangu ni boriskopu (kamera nyembamba ya kuangalia ndani ya silinda). Bila kuona uso wa valvu unabahatisha.

Toa plagi ya juu ya namba 3, ingiza boriskopu, zungusha propela mpaka valvu ya ekzosi ifunguke, kisha angalia uso wake mzima na ukingo wa siti. Valvu nzima huwa na rangi ya duara: katikati nyekundu ya hudhurungi, kingo zimefifia sawasawa pande zote. Valvu inayoungua haina usawa huo. Utaona kipande kama mwezi mwandamo kwenye ukingo mmoja, kijani au karibu na weupe, na duara la katikati limesogea upande. Hapo ndipo moto unapenya.

Sababu ni hii: valvu ya ekzosi hupoteza joto lake kwa kugusa siti inapofunga, na kupitia gaidi (bomba linaloongoza shina la valvu). Ikiacha kugusa siti sehemu moja, sehemu hiyo inapata joto zaidi, inajikunja, inavuja zaidi. Haijirekebishi.

Na ule mtikisiko wa asubuhi usiupuuze, ndugu yangu. Ni dalili inayojulikana sana kwenye Lycoming: kaboni imejaa kwenye gaidi, valvu inakwama wazi injini ikiwa ya baridi, ikipata moto inaachia. Ikikwama siku moja isiachie, pushrodi (fimbo inayosukuma roka, mkono unaofungua valvu) inapinda. Lycoming wanataka uchezaji wa valvu kwenye gaidi upimwe kila saa 400, au mapema zaidi dalili hii ikionekana.

Ukikuta rangi iko sawa, una njia bila kung'oa silinda. Fungua kifuniko cha roka, ingiza kamba safi ya nailoni ndani ya silinda kupitia tundu la plagi, sogeza pistoni juu taratibu ili kamba ishikilie valvu, kisha toa roka na springi. Toa kamba, sukuma valvu ndani kidogo, safisha gaidi kwa rima (kifaa cha kukwangulia tundu) ya kipimo kilichoandikwa kwenye maelekezo ya mtengenezaji, huku ukizuia uchafu usibaki ndani. Kusugua siti kwa pesti palepale kunafanyika pia, lakini pesti ikibaki kwenye ukuta wa silinda inakula ringi. Osha mpaka uhakikishe.

Mkaguzi_172

Asanteni sana. Nimepima tena ya moto: 54. Boriskopu imeonyesha kile kile alichosema Jicho: upande wa chini wa valvu kuna mwezi mwandamo wa kijani, umechukua kama robo ya ukingo. Ukuta wa silinda ni mzuri, mistari ya msalaba bado inaonekana.

Jicho_la_Silinda

Basi hiyo ni ya kutoka. Usiirushe tena. Pesti haiwezi kurudisha chuma kilichoungua.

Nati_na_Toki

Kwa swali la pili: hapana, usibadilishe zote nne. Tatu zinasoma 74 hadi 76. Kila silinda unayong'oa ni nafasi mpya ya kukosea kwenye nati, na hatari kubwa iko hapo kuliko kwenye valvu. Niruhusu nilieleze hili kwa urefu.

Weka pistoni ya namba 3 juu kabisa kwenye kompresheni. Toa ekzosi, bomba la kuingizia hewa, plagi, bafo (vibati vya kuelekeza hewa ya kupoza), mpira wa kurudisha oili, roka, pushrodi na mabomba yake. Kila pushrodi iandikwe mahali ilipotoka. Kisha legeza nati, vuta silinda nje moja kwa moja, na mwenzako ashike pistoni ikitoka. Konrodi isiachwe ianguke kwenye mdomo wa krenkikesi (kasha la injini); ifunge kwa mpira mpana kwenye stadi (boliti zilizosimama zinazoshika silinda).

Sasa jambo ambalo watu wanalipuuza. Baadhi ya stadi za inchi nusu zinapita katikati ya krenkikesi kutoka upande mmoja hadi mwingine, na ndizo zinazobana bearing kuu za krenkshafti. Ukitoa silinda, mbano huo umeondoka. Ukizungusha propela wakati huo, bearing inaweza kuhama, tundu lake la oili likafungika. Injini itawaka vizuri tu, itafanya kazi saa kadhaa, halafu krenkshafti ikose oili. Kwa hiyo usizungushe. Kama ni lazima, weka bomba fupi za chuma zenye unene wa flanji ya silinda (ukingo wake wa chini) kwenye stadi na ukaze nati kwa toki (kipimo cha nguvu ya kukaza) kwanza.

Kipimo80

Mkuu Nati, wengine wanasema robo mzunguko hauna neno?

Nati_na_Toki

Una neno. Bearing haihesabu umbali, inahitaji kuvutwa mara moja tu. Weka bomba.

Wakati wa kurudisha: uso wa flanji pale nati inapokaa usiwe na rangi. Rangi inasagika kwa joto na mtikisiko, unene wake unapotea, na toki inapotea nayo. Ndipo stadi zinaanza kukatika moja moja. Nyuzi za stadi zipakwe mchanganyiko wa 90% oili ya injini SAE 50 na 10% STP (kiongezeo cha oili), au 60% SAE 30 na 40% Parker Thread Lube. Nyuzi kavu zinadanganya spana: msuguano unakula toki na mbano halisi unakuwa mdogo.

Nati za inchi nusu zikazwe kwanza hadi 300 inchi-paundi kwa mpangilio wa mtengenezaji, kisha zirudiwe kwa mpangilio uleule hadi 600. Baada ya hapo za 3/8 hadi 300. Mwishoni shikilia spana kwenye kila nati kwa sekunde 5. Nati isiposogea, iko sawa. Stadi zinazopita upande wa pili, nati ya kule kwenye silinda namba 4 nayo lazima ikazwe, kwa sababu ni chuma kimoja.

Ukitumia kiungo cha kufikia nati za ndani, piga hesabu. Spana ya inchi 16 na kiungo cha inchi 4 kilichonyooka nayo: 600 mara 16, gawa kwa 20, unaweka 480. Ukiacha 600 umekaza hadi 750. Kiungo kikikaa pembe mraba na mpini, hakuna marekebisho.

Mama_Kamshafti

Kabla hamjafunga hilo tundu, tafadhali piga tochi ndani. Kamshafti ya Lycoming (shafti inayofungua valvu) iko juu ya krenkshafti, oili inaiacha ndege ikikaa bila kuruka, na kutu inaanza hapo. Angalia kila loba (nundu ya kamshafti) unayoiona na uso wa tapeti (kipande ambacho loba inakisukuma). Ukiona vishimo kama vya sindano, au ukingo wa loba umemegeka, kazi imebadilika: tapeti za O-320-D zina kichwa kipana, hazitoki bila kupasua krenkikesi.

Kwenye silinda unayoirudisha, angalia alama ya rangi. Bluu ni ukuta uliotiwa nitrojeni, unataka ringi za kromu. Chungwa ni ukuta wa kromu, unataka ringi za chuma cha kawaida. Kromu juu ya kromu kamwe, hazitakaa na zitachuna ukuta. Mianya ya ringi isipangane mstari mmoja. Na ile kofia ndogo ya kuzungushia valvu ya ekzosi, inayokaa kwenye ncha ya shina chini ya roka, huanguka kimya wakati wa kufunga. Ihesabu kabla ya kufunga kifuniko.

Valvu ya zamani isikatwe wala kutupwa motoni. Shina lake lina sodiamu ndani.

Kuhusu kuikalisha silinda ili ringi zikae: oili ya madini isiyo na viungio vya kusafisha, kwa saa 50 au mpaka ulaji wake utulie. Kuwasha chini kuwe kwa muda mfupi, bafo na kaulingi (kifuniko cha nje cha injini) zikiwa zimefungwa. Hewani iende kwa nguvu 65 hadi 75%. Ukiihurumia kwa nguvu ndogo, oili inaganda kama kioo kwenye ukuta na ringi hazikai tena. Joto la kichwa cha silinda lisifike kikomo cha 260°C. Ulaji wa oili kwa injini ya nguvu farasi 160 una mwisho wa karibu nusu lita kwa saa, wewe uko mbali sana na hapo.

Mkaguzi_172

Loba ziko safi, namshukuru Mungu. Silinda imerudi na valvu mpya na siti iliyosagwa, nati zimekazwa kama alivyoeleza Nati. Lakini uwazi mkavu (nafasi kati ya roka na ncha ya valvu, tapeti ikiwa haina oili) wa roka ya ekzosi namba 3 unasoma inchi 0.019. Nipitishe?

Mama_Kamshafti

Hapana. Unatakiwa uwe kati ya 0.028 na 0.080. Siti ikisagwa valvu inazama, na ncha ya shina inasogea kuelekea roka. Uwazi ukiwa mdogo hivyo, tapeti ikijaa oili na injini ikipata moto, valvu haitafunga kabisa, na mwezi mwandamo utarudi kwenye valvu mpya.

Kwanza hakikisha umepima ikiwa kavu kweli. Chomoa pampu ndogo ya tapeti kwa ndoano ya waya, mwaga oili yote, rudisha, bonyeza roka upande wa pushrodi na upime kwenye ncha ya valvu. Ikibaki 0.019, agiza pushrodi fupi zaidi ya namba inayoruhusiwa kwa injini hiyo, kisha upime upya. Usisage ncha ya valvu kutafuta nafasi.

Mkaguzi_172

Nimemwaga oili na kupima tena: 0.020. Naagiza pushrodi fupi.