Naomba ushauri: mkufu au mnyororo?

Wakuu habari zenu. Mdogo wangu wa kidato cha tano ana mdahalo shuleni kuhusu hip-hop ya Marekani, kaniomba msaada, na nimekwama.

Kachagua wimbo "New Slaves" (Watumwa Wapya) wa rapa Kanye West, wa 2013. Humo ubaguzi una sura mbili: Mweusi maskini anaonywa asiguse kitu dukani, tajiri anakaribishwa anunue zaidi, na wote bado watumwa. Kisha yanaingia magereza ya watu binafsi. Nikamweleza dogo kwamba Marekebisho ya 13 ya Katiba yao, 1865, yalifuta utumwa isipokuwa kama adhabu ya jinai. Alinyamaza kidogo.

Shida yangu ni tafsiri. Kiingereza kina neno moja, "chain", kwa dhahabu ya shingoni na chuma cha mtumwa, na marapa wanalichezea sana. Sisi tuna mkufu, tuna mnyororo. Nikisema "cheni", nani atamwona mtumwa hapo? Mtumwa wa Bagamoyo hakufungwa cheni jamani!

Halafu Kanye mwenyewe kauza viatu vya bei mbaya. Dogo kaniuliza: "Kaka, huyu anakemea au anatangaza biashara?"

Nimjibuje?